Burashi haifi kazini, hufa mapumzikoni

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi aliyevunjikiwa na koleo, siku hiyo huenda akalala na njaa. Na fundi wa rangi naye, burashi ikimkaukia usiku, asubuhi huanza kazi kwa kukopa. Hayo sikuyajua kwa kusimuliwa. Niliyajua kwa kuaibika, tena mbali na kwetu.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa rangi hapa Mombasa. Alipofariki aliniachia burashi moja pana, ya inchi nne, yenye nywele za nailoni. Nailoni aliichagua kwa makusudi, kwani burashi nyingi zinazosifiwa kuwa za nywele asilia ni za nywele za nguruwe, naye alikuwa akipaka misikiti. Kila kazi ilipokwisha aliiosha burashi kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, akaipaka mafuta ya nazi kidogo ili mabaki ya rangi yaliyojificha mashinani yasigande. Basi nikairithi burashi pamoja na desturi yake.

Agosti 2019 nilialikwa Kebirigo, katika kaunti ya Nyamira, na mwalimu mstaafu niliyefahamiana naye zamani alipokuwa akisomesha huku pwani. Kebirigo ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Kisii kupitia Nyamira kwenda Chemosit. Ni nchi ya chai na migomba, na ina kiwanda chake cha chai. Baridi yake, msomaji wangu, usiambiwe. Mimi nililala na koti.

Mwalimu alikuwa akingojea wageni wa posa ya binti yake siku ya Jumamosi. "Mwanangu," aliniambia, "mlango wangu wa mbele wanitia haya. Nipakie rangi."

Alhamisi asubuhi niliifungua burashi. Lahaula! Nywele zilikuwa zimegandamana kama mshumaa. Kumbe mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa twaliona jambo hilo asubuhi chache za kipupwe tu, lakini usiku wa Kebirigo ni baridi mwaka mzima. Nikaipasha moto jikoni, mafuta yakayeyuka, nikaikung'uta na kuichovya kwenye rangi. Hapo ndipo nilipokosea. Baba hakuanza kazi kamwe bila kuiosha kwanza kwa mafuta ya taa, ile nazi itoke yote. Mimi kwa haraka zangu niliiruka hatua hiyo.

Ijumaa jioni mlango ulikuwa bado wanata. Ukiugusa, kidole kinaacha alama. Mwalimu hakusema neno, na kimya chake kilinichoma kuliko matusi.

Akaitwa fundi wa rangi wa pale sokoni, mtu wa makamo. Aliinusa burashi akatabasamu. "Ndugu yangu wa Mombasa," akasema, "mlango haupikiwi kwa nazi."

Akanieleza kwamba rangi ya mafuta huvuta hewa mpaka mafuta yake yakawa magumu, na huko ndiko kukauka kwake. Mafuta ya nazi hayana tabia hiyo, na yakiingia katika rangi huizuia isikauke. Usiku ule ule tuliifuta rangi yote kwa matambara, tukaupangusa mlango kwa tapentaini, naye akapaka upya, safari hii rangi nyembamba. Jumamosi alasiri wageni waliingia, na mlango ulikuwa umekauka kiasi cha kuguswa. Hata hivyo mwalimu aliushikilia wazi kwa mkono wake mwenyewe mpaka mgeni wa mwisho akapita.

Siku ya pili nilikwenda kumshukuru yule fundi, nikamkuta kazini. "Burashi haifi kazini," aliniambia, "hufa mapumzikoni." Akanionyesha mapumziko ya namna tatu.

Kazi ikisimama kwa chakula cha mchana, huiviringa burashi katika jani bichi la mgomba na kulifunga barabara. Zamani alitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, akarudia jani, na hakuona hasara.

Kazi ikilala mpaka kesho, burashi ya rangi ya mafuta huitia ndani ya mkebe wa maji. Nilishangaa, lakini sababu ni ile ile: maji hayachanganyiki na rangi hiyo, na chini yake hewa haifiki. Ila haisimamishi. Ametoboa mpini akapitisha msumari unaolala juu ya mdomo wa mkebe, nywele zikaning'inia bila kugusa chini, kwani burashi iliyosimamia nywele zake hupinda isinyooke tena. Maji hufunika nywele tu, kile kibati kisije kikashika kutu. Burashi ya rangi ya maji haingoji kesho. Huoshwa papo hapo.

Kazi ikiisha kabisa, huisuuza katika mikebe mitatu ya mafuta ya taa, mmoja baada ya mwingine, kisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka povu litoke jeupe. Huichana kwa kitana kikuukuu, akaizungushia karatasi ya gazeti kuzishika nywele zisitawanyike, akaitundika. Mafuta hapaki ya aina yoyote.

Burashi ya baba ningali nayo, na nywele zake ni laini. Imelala kabatini ndani ya gazeti la mwezi uliopita. Nawe ukiisha kuusoma ukurasa huu, usiutupe. Huenda fundi wa jirani akauhitaji jioni.