Kukata Kutu Karibu na Tangi la Mafuta: Mambo ya Kuhakikisha Kabla ya Cheche ya Kwanza

Magari mengi nchini mwetu huingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hewa ya chumvi huharakisha kutu. Kutu hiyo aghalabu huanzia mahali pasipoonekana: ndani ya tao la gurudumu la nyuma, chini ya milango na kwenye sakafu ya buti. Katika magari mengi, hapo hapo ndipo palipo na tangi la mafuta, shingo ya kujazia na mabomba yapelekayo mafuta kwenye injini. Kwa hiyo kazi ambayo mlaji huiita "ya bodi tu" huweza kuwa kazi ya mafuta pia. Tunaeleza hapa hatari ilipo, kazi salama inavyofanywa, na maswali ambayo mlaji anayo haki ya kumwuliza fundi.

Hatari ilipo

Kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika joto letu hutoa mvuke wakati wote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, hivyo hutambaa chini na kutuama katika mashimo ya gereji. Kutousikia kwa pua si ushahidi kwamba haupo.

Wengi hudhani kwamba tangi lililomwagwa mafuta ni salama. Ukweli ni kinyume chake. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Tangi tupu lina mabaki ya petroli yaliyochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio ulipukao. Kulisuuza kwa maji hakuondoi hatari hiyo, kwa kuwa mabaki hubaki katika maungio na ndani ya kutu.

Vyanzo vya moto navyo ni vingi. Cheche za grainda huruka mita kadhaa; kanuni za viwandani kwa kazi za namna hii hutaka vitu viwakavyo viwekwe umbali wa mita 11 hivi. Joto la kuchomelea nalo hupenya bati na kuunguza kilicho upande wa pili: mpira wa mafuta, tangi la plastiki, zulia, au lami iliyopakwa chini ya gari.

Kazi salama inavyofanywa

1. Fundi hukagua pande zote mbili za bati kabla ya kukata. Huondoa viti, mazulia na vifuniko ili ajue mabomba na nyaya zinapita wapi.

2. Hupunguza msukumo wa mafuta. Katika magari mengi ya petroli ya siku hizi, mabomba hubaki na msukumo hata injini ikiwa imezimwa. Huchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini inguruke hadi ijizime. Baada ya hapo hutenganisha waya hasi wa betri.

3. Hutoa mafuta nje, penye hewa, mbali na shimo la gereji, na kuyatia katika chombo cha mafuta chenye kifuniko. Kamwe hayavuti kwa mdomo.

4. Hushusha tangi pamoja na shingo yake, hulipeleka mbali na eneo la kazi, na kuziba ncha za mabomba yaliyobaki. Kulifunika kwa gunia bichi hakutoshi.

5. Penye bomba lisiloweza kuondolewa, hukata kwa msumeno wa mkono au mkasi wa bati, si kwa grainda wala moto.

6. Huweka karibu kizima moto cha poda au povu, na mtu mmoja wa kulinda. Kazi ikiisha, ulinzi huendelea kwa muda usiopungua saa 1, kwa maana zulia au rangi huweza kufukuta kimya kimya.

7. Baada ya kurudisha tangi, hukagua uvujaji katika kila ungio kabla ya gari kukabidhiwa.

Magari yanayotumia gesi

Gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia lina mtungi ulioshindiliwa gesi hadi bar 200 hivi, na mara nyingi mtungi huo umo ndani ya buti. Mtungi na mabomba yake yasiguswe na fundi wa bodi. Yaondolewe kwanza na karakana iliyoidhinishwa kufunga mifumo hiyo.

Haki na wajibu wa mlaji

Kabla ya kukubaliana bei, muulize fundi: Je, tangi litashushwa? Mafuta yatawekwa wapi? Kizima moto kiko wapi? Nani atalinda baada ya kuchomelea? Majibu yaandikwe katika makubaliano, pamoja na gharama ya kushusha na kurudisha tangi. Fundi akisema hakuna haja kwa kuwa "tangi ni tupu", lipeleke gari kwingine.

Mlaji naye asimshurutishe fundi kuruka hatua hizi ili apunguziwe bei au apewe gari jioni ile ile. Fedha inayookolewa hivyo ni ndogo, na anayeulipia upungufu huo kwa mwili wake huenda akawa kijana msaidizi aliyelala chini ya gari.

Moto ukitokea

Usimwage maji juu ya petroli inayowaka, kwani huueneza moto. Tumia kizima moto ikiwa moto ni mdogo na njia ya kutokea iko nyuma yako. Vinginevyo, waondoe watu na upige simu namba 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.