Pikipiki inagoma asubuhi ya baridi? Usikimbilie betri

Wauzaji wenzangu, Julai iliyopita nilipoteza mteja wa Bunda kwa sababu ya pikipiki. Vitenge vyake nimefunga usiku, alfajiri nitoke Butiama niwahi gari stendi ya Bweri, Musoma. Huku kwetu kuna baridi kuliko kule ziwani. Nabonyeza stata, inazunguka weee, haiwaki. Gari likaondoka, mteja akataka hela yake, nikarudisha 45,000.

Fundi akasema betri imekufa. Hela nilikuwa nishaishika! Lakini betri iliyokufa ingezungusha injini vile? Stata ikizunguka kivivu au ikitoa tiki tu, hapo shuku betri. Piga kiki, ikiwaka kwa kiki, jibu umepata.

Yangu hata kiki iligoma. Nikafungua plagi: nyeusi, masizi, imelowa petroli. Kwenye baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, ndiyo maana tunavuta choki. Mimi nilikuwa navuta choki na bado nazungusha mafuta, injini inalowa kabisa. Na plagi chafu cheche yake dhaifu. Nikaweka mpya, bei haifiki hata robo ya betri, ikawaka.

Siku hizi navuta choki, mafuta sigusi, napiga kiki mbili tatu. Injini ikipata moto narudisha choki, maana ukiisahau masizi yanarudi. Na siku ya mzigo naiwasha saa kumi alfajiri, ikigoma bado nina muda wa kumpigia bodaboda.