Nduthi Imedunga, Lakini Modika Itafika?

Saa nne asubuhi nje ya Soko Mugdi, Garissa, jua lishaanza kulainisha lami. Cheki hiyo Boxer ya 150 hapo mbele ya duka la simu. Tanki yote ni stika za Arsenal. Kiti kimevalishwa manyoya meupe, ungedhani kondoo amelala hapo. Handoo zinaning'iniza nyuzi za rangi tatu, spoki kila moja na rangi yake, na vioo ni vinne: viwili vya kuangalia nyuma, viwili vya mwenyewe kujiangalia sura. Kila manzi akipita anageuka. Wasee wa steji nao wanajifanya hawajaona.

Sasa sogea kidogo, hapo chini ya mwarobaini. Kuna Boxer ingine, ndugu ya ile, lakini tanki imechubuka mpaka chuma kimetoka, kiti kimeshonwa na uzi wa gunia, na madebe ya maziwa ya ngamia yamefungwa na mpira huku na huku. Imetoka porini tangu alfajiri. Haina jina, haina spika, haina timu. Lakini jamaa akiipiga kick moja, inawaka.

Mi nilikuwa mbogi ya manyoya, sitaficha. Nilipochukua yangu mkono wa pili, hata oili sijabadilisha, nilikuwa nishachoma thao sita kwa luku. Na sikuwa fala vile. Kwa steji tunakuanga wasee kama ishirini, nduthi zote ni Boxer na TVS, zinafanana kama mayai ya treya moja. Abiria anashuka basi ya Nairobi, kilomita karibu 370 ziko mgongoni, anatafuta tu wa kumfikisha keja. Huyo hajui kompresheni yako iko aje. Anachagua na macho. Nikiweka laiti za buluu chini ya tanki na ngoma ikilia, ananifuata mimi. Hiyo wiki ya kwanza niliingiza doo mpaka nikaona wenzangu wako nyuma ya maisha.

Ngori ilinipata njia ya Modika, Magharibi ishaadhiniwa. Nimebeba habo mmoja na mifuko yake ya soko. Betri ya nduthi ni kitu kidogo, na ile koili inayoichaji ilipimiwa taa za kampuni, haikupimiwa disko. Nikaona taa ya mbele inazidi kuwa njano, halafu kama mshumaa, halafu stori. Za buluu ndo zilibaki zinakohoa kohoa. Habo akainama kwa bega langu, pole pole: "Habo, taa zote hizi ni za arusi? Ya kuonyesha barabara iko wapi?" (Kisomali ndo hivyo, shangazi anakuita kwa jina lake mwenyewe, hata akikuchapa unasikia upendo.) Nikapiga honi kutisha mbuzi waliolala njiani, ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Tulifika na tochi ya simu yake. Alinilipa soo yangu yote, akanishukuru, na hakuuliza namba.

Kesho yake nikaisukuma mpaka kwa fundi pale Bula Iftin. Huyo mzee laiti hakuziangalia hata. Alifungua boksi ya filta, akagonga filta kwa jiwe, ukamwagika mchanga ungetosha kuanza msingi wa choo. Akaniuliza nani alitoboa silensa. Nikanyamaza, juu ni mimi nililipa itobolewe.

Hapo ndo nilifunzwa. Ukitoboa silensa, unapata kelele tu, nguvu haiongezeki. Kabureta inaendelea kumwaga petroli ile ile iliyopimwa kiwandani, na hewa ikizidi, injini inachoma ikiwa kavu, inapata joto. Nairobi na baridi yake unaweza kuponea. Hapa joto likipita digrii 35 na injini inapozwa na upepo tu, unajipikia pistoni. Boxer ya 150 ina kama nguvu za farasi 12. Hakuna bomba litakalozifanya 20. Unachoweza ni kuchagua hizo 12 zifanye kazi gani. Yule jamaa wa maziwa ameweka sproketi ya nyuma yenye meno mengi kuliko ya kampuni. Kwa lami utampita ukicheka. Kwa mchanga, na madebe manne nyuma, yeye anatambaa kama ngamia na wewe unachimba kaburi la taya.

Kitu kingine mzee aliniuliza ni kava ya cheni. Niliing'oa juu cheni ikiwa wazi nduthi inakaa ya resi. Sasa mchanga wetu ukikutana na grisi unageuka msasa, unakula meno ya sproketi mchana na usiku. Na hiyo ni hasara ndogo. Kubwa ni buibui. Huku nusu ya abiria wako wamevaa buibui, jilbabu au deraa, na nguo ndefu ikimezwa na gurudumu, hiyo si stori ya kucheka. Wahindi walishaona mbele na sari zao: kanuni zao za barabara za 1989 zinataka pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma. Nduthi nyingi tunazoendesha ni zao, shida ni moja, nguo ndo tofauti. Mzee alinichomelea neti ya chuma ubavuni. Inakaa vibaya, kama dirisha la jela. Siku hizi akina habo wakiiona wanapanda bila kuuliza bei.

Ule mwavuli wa kufunga juu ya nduthi, sina maneno mengi nao. Kivuli ni kivuli, lakini lori la ng'ombe likikupita kwa highway utajua uko na tanga la jahazi.

Bado siwezi kukuambia luku ni ujinga. Mababu zetu hawakuwa na nduthi, lakini ngamia walimdungisha. Ile koor, kengele ya mbao ya shingoni, inachongwa kwa mkono na inapendeza, na usiku porini ndiyo inakuambia mifugo iko upande gani. Mtu hakuwa anauliza kama hiyo ni urembo ama ni kazi. Mi ndo nilitenganisha, nikanunua urembo peke yake, na kwa deni.

Sasa spika imeenda, laiti za buluu zimeenda, silensa nilirudisha ya kampuni. Taa ya mbele inawaka mpaka swala wanashangaa. Filta nasafisha kila Ijumaa kabla ya swala. Arsenal imebaki, hiyo ni imani. Na manyoya nimeyaacha palepale kwa kiti, wenzangu wakanicheka: si ulisema umeokoka? Lakini jaribu kuikalia ile rexini nyeusi saa nane ya Garissa, nduthi imesimama juani tangu adhuhuri. Utaruka kama umekalia jiko. Manyoya hayashiki moto, na abiria wangu hawaruki.

Juzi yule jamaa wa maziwa alikuja steji, akaegesha chuma chake kando ya yangu, akapapasa kiti changu kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akauliza nilinunua wapi.

"Kwa yule wa makava, karibu na steji ya basi. Rwabe tatu."

"Walalo, hana ya kahawia?" akasema. "Hii nyeupe maziwa yakimwagika nitanuka mpaka Ramadhani."