Mimea ya Tangi la Samaki: Soma Majani Kabla ya Kununua Mbolea

Ukiwa mkazi wa Nyasho, mjini Musoma, na unafuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni, huenda siku moja ukaona mimea ya ndani ya tangi imegeuka rangi. Wengi hukimbilia dukani kuomba "dawa ya mimea". Tunakushauri usitoe fedha kabla ya kujibu swali moja: je, majani yanayougua ni ya zamani au ni machanga?

Swali hili lina uzito kwa sababu virutubisho havisafiri kwa namna moja ndani ya mmea. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu vikipungua, mmea huvinyang'anya majani ya zamani na kuyapelekea machipukizi, hivyo dalili huanzia chini. Jani la zamani likiwa njano lote, shuku naitrojeni. Likitoboka vitundu vyenye kingo za njano au kahawia, shuku potasiamu. Likiwa njano kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku magnesiamu. Upungufu wa fosforasi ni mgumu kuutambua kwa macho: mmea hudumaa na majani huwa ya kijani iliyokolea kupita kawaida. Madini ya chuma, kwa upande mwingine, hayahamishiki kirahisi. Yakikosekana, majani machanga ndiyo hutoka yamepauka, wakati ya zamani yangali mazima.

Katika tangi lenye samaki wengi, naitrojeni na fosforasi ni nadra kukosekana, kwani hutokana na chakula na kinyesi cha samaki. Mara nyingi kinachopungua ni potasiamu au chuma. Anayenunua chupa yenye naitrojeni tele kwa tangi kama hilo hulipia mwani utakaotanda kwenye kioo.

Aidha, si kila umanjano ni njaa. Mimea mingi ya madukani hukuzwa majani yakiwa hewani. Ikizamishwa, majani hayo hufa na mengine huota. Anubiasi, mmea wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, huoza ukifukia shina lake la mlalo katika changarawe. Muuzaji anayekupa mbolea bila kukuuliza mambo haya hajakuhudumia.

Tunaonya kwa mkazo: usitie mbolea ya shambani tangini. Urea, yenye naitrojeni asilimia 46, hugeuka amonia ndani ya maji. DAP nayo huleta amoniamu. Amonia huunguza matamvua, na samaki huweza kufa. Unafuu wa bei ya kilo moja ya urea hauna maana hapo. Nunua mbolea iliyotengenezwa kwa matangi, yenye lebo inayotaja virutubisho, viwango vyake na kipimo kwa lita za maji. Iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo iache, na risiti uitunze.

Ukishaitia, subiri wiki 2 hadi 3. Jani lililoharibika haliponi. Likate, kisha pima mafanikio kwa majani mapya. Wakati huo endelea kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi.

Mabaki ya mimea uliyoikata usiyatupe ziwani wala katika mtaro unaoelekea ziwani. Magugu maji, yenye asili ya Amerika Kusini, yalisambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha ingia Ziwa Victoria na kuziba njia za mitumbwi. Yaanike mabaki hayo juani hadi yakauke kabisa, ndipo uyafukie bustanini.