Datsun 240Z au Porsche 911? Soma Kabla Hujatoa Akiba Yako

Mpwa wangu amerudi kutoka Ghuba baada ya miaka 9 ya kazi. Ana akiba, na ana ndoto ya tangu utotoni: gari la kale la mbio. Tulipotoka kuswali Ijumaa akaniuliza, "Mjomba, nitafute Datsun 240Z au Porsche 911?" Nilimwomba anipe wiki moja. Jawabu naliweka hapa, kwani najua si yeye peke yake mwenye ndoto hiyo.

Tuanze na mbio zenyewe. Katika Safari Rally, 240Z ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, kisha 1973 kwa Shekhar Mehta. Porsche 911 iliishia kukaribia: Björn Waldegård alikuwa wa pili 1974, na Vic Preston Jr. akawa wa pili 1978. Ilibidi zije mbio za magari ya kale, Safari Classic, ndipo Waldegård ashinde na 911 mwaka 2011.

Lakini kwa kasi ya lami, Porsche ndiyo bingwa. 911S ya 1972, yenye injini ya lita 2.4, ilitoa nguvu za farasi 190. 240Z, yenye injini ya ukubwa karibu ule ule, ilitajwa kuwa na 151. Tofauti nyingine ni mahali injini ilipo. Ya Datsun iko mbele, na gari hugeuka bila vituko. Ya Porsche iko nyuma kabisa. Ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta kwa ghafla, mkia hutaka kutangulia. Dereva mgeni asilijaribie gari hilo njia ya Malindi.

Sasa tuje kwenye kulimiliki, maana hapo ndipo pesa huteketea. Injini ya 240Z ni ya silinda 6, na vipimo vya silinda zake ni vile vile vya injini ya Datsun 1600, ila zimeongezwa 2. Fundi mkongwe aliyezoea Datsun 160B hatapotea akifungua boneti. Injini ya 911 haina rejeta. Hupozwa kwa feni na oili nyingi, na kuifungua kunataka fundi aliyeisomea na spea za bei ya juu.

Adui mkubwa kwetu ni chumvi ya bahari. 240Z huliwa na kutu vibaya: chini ya betri, sakafuni, na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. 911 za mwanzo nazo hazikusalimika. Ila kuanzia toleo la 1976, Porsche ilitumia bati lililopakwa zinki mwili mzima. Kwa mtu wa Mombasa au Lamu, jambo hilo lina uzito kuliko farasi 40 za ziada.

Kumbuka pia kwamba kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Basi tafuta lililoko nchini tayari, lenye logbook safi.

Ushauri wangu kwa mpwa wangu ni huu. Chukua 240Z, kwa kuwa mafundi wetu wanaielewa. Lakini nenda na sumaku, uipitishe milangoni na kwenye matao. Pale isiposhika, ujue bati limeliwa na tundu limezibwa, kisha likapakwa rangi. Inua zulia uone sakafu. Ukikuta imeoza, ondoka, hata kama rangi inang'aa kama kioo.

Na usitoe akiba yote. Ukiwa na milioni 2, nunua gari la milioni 1 na nyingine iweke ya matengenezo. Kama hesabu hiyo haifiki, maliza kwanza ile nyumba ya mama yako, ambayo mpaka leo haijaezekwa. Gari la kale limengoja miaka 50, litangoja miwili mingine.