John Gagliardi

John Gagliardi (1 Novemba 1926 – 7 Oktoba 2018) alikuwa kocha wa futiboli ya Marekani, mchezo ambao timu mbili za wachezaji 11 hushindania mpira wenye umbo la yai kwa kuubeba, kuurusha na kuangushana. Alifundisha timu za vyuo vidogo tu, lakini alistaafu akiwa na ushindi 489, kushindwa mara 138 na sare 11. Hakuna kocha wa vyuo nchini Marekani aliyeshinda michezo mingi kuliko yeye.

Maisha ya awali

Gagliardi alizaliwa mjini Trinidad, jimbo la Colorado, katika familia yenye asili ya Italia. Mwaka 1943, kocha wa timu ya shule yake alipoitwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Gagliardi aliomba kuiongoza timu hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 16, na bado mchezaji. Baadaye alihitimu katika Chuo cha Colorado mwaka 1949.

Kazi ya ukocha

Mwaka huohuo alianza kufundisha Chuo cha Carroll huko Helena, Montana. Mwaka 1953 alihamia Chuo Kikuu cha Saint John's, chuo cha Kikatoliki huko Collegeville, Minnesota, akabaki hapo misimu 60. Timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa kwa vyuo vidogo miaka ya 1963, 1965, 1976 na 2003.

Tarehe 8 Novemba 2003 alipata ushindi wa 409, akampita Eddie Robinson wa Grambling aliyekuwa akishikilia rekodi. Alistaafu mwaka 2012.

Mbinu zake

Gagliardi alijulikana kwa mambo aliyoyakataa. Katika mazoezi yake wachezaji hawakuangushana, naye hakupuliza filimbi. Mazoezi yalikuwa mafupi, mara nyingi dakika 90 au pungufu. Hakutaka kuitwa kocha. Wachezaji walimwita John. Alitumia muda mwingi kuwaeleza kila mmoja kazi yake uwanjani, akiamini kuwa mchezaji asiyeumia mazoezini atafaa zaidi siku ya mchezo.

Wengi waliona mchezo wa nguvu hauwezi kufundishwa kwa upole namna hiyo, lakini matokeo yake yaliwajibu. Mwaka 2016, kutokana na hofu ya majeraha ya kichwa, makocha wa Ligi ya Ivy, yenye vyuo kama Harvard na Yale, walikubaliana kuondoa mazoezi ya kuangushana wakati wa msimu. Gagliardi alikuwa amefanya hivyo miongo kadhaa kabla yao.

Heshima

Tangu mwaka 1993, Tuzo ya Gagliardi hutolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa Divisheni ya Tatu, ambayo vyuo vyake havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la Futiboli ya Vyuo akiwa bado kazini.