Unanunua dabodeka la watoto? Pima na godoro lake!

ILIKUWA saa nane za usiku, nimejilaza zangu kwenye kochi sebuleni kwa dada, mara nikasikia kishindo chumbani kwa watoto. Puu! Kama gunia la mkaa limesukumwa kutoka juu ya lori. Halafu kimya. Msomaji wangu, kama umewahi kukaa na watoto unajua kwamba mtoto akianguka na kulia papo hapo, unamshukuru Mungu. Ule ukimya ndio unaokata maini.

Kilio kilikuja baadaye kidogo, na dada alikuwa keshafika mlangoni na kanga moja. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa chini kwenye saruji, kashika bega. Yeye ndiye aliyekuwa akilala juu kwenye dabodeka lao. Asubuhi hospitalini tukaambiwa mtulinga umevunjika, ule mfupa wa mbele unaoshika bega. Wakamfunga mkono, wakasema kwa umri wake utaunga wenyewe, na kwamba tushukuru hakutanguliza kichwa.

Mimi nilitoka pale nimefura kama andazi. Daladala moja kwa moja hadi Keko kwa fundi aliyekitengeneza kile kitanda. Nikamkuta anapiga randa, sikumpa hata salamu ya maana. Nikamporomoshea yote: fundi gani wewe, kitanda gani hiki, mtoto kavunjika! Mzee wa watu alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia, akapangusa mikono kwenye suruali, akaniuliza swali moja tu.

"Kijana, huko juu mmeweka godoro la inchi ngapi?"

Hapo nikaishiwa maneno. Godoro lile nililinunua mimi.

Nitarudi kwenye godoro, usiwe na haraka. Kwanza tukubaliane kwamba dabodeka si anasa. Hapa jijini mtu mwenye chumba na sebule na watoto watatu anafanya nini? Wengi wetu tumekua tukilala mzungu wa nne, mguu wa kaka uko puani kwako, na asubuhi mnalaumiana nani kavuta shuka. Chumba cha futi kumi kwa kumi ukiweka vitanda viwili vya chini hubaki hata pa kuweka ndoo. Kitanda kikipanda juu, unapata sakafu ya kuchezea, pa kuweka meza ya shule na njia ya kupita usiku bila kukanyaga mtu.

Na wengine tunajidanganya kwamba tunakijua kitanda hiki kwa sababu tulisoma bweni. Si unakumbuka? Unaripoti fomu wani na sanduku lako, wakubwa wamekwisha jigawia vya chini, wewe unaelekezwa juu kwenye chuma kinacholia kama bajaji mbovu. Hakuna kingo, hakuna ngazi, unapanda kwa kukanyaga kitanda cha mwenzio huku anakutukana. Tulipona, ndiyo. Lakini tulikuwa na miaka kumi na nne, kumi na tano. Mtoto wa chekechea ni kiumbe kingine kabisa.

MTOTO WA MIAKA MINGAPI ALALE JUU?

Miaka sita kwenda mbele. Chini ya hapo alale chini, hata akikulilia mpaka akajikojolea. Si mimi niliyeamua. Huko Marekani, Tume ya Usalama wa Bidhaa ina kanuni maalumu ya vitanda hivi, iliyoanza kutumika Juni 2000, na kila dabodeka linalouzwa kule lazima libandikwe onyo kwamba walio chini ya miaka sita wasilale juu. Wana sababu. Utafiti uliotolewa 2008 katika jarida la matabibu wa watoto la huko huko ulikadiria kwamba kwa mwaka wastani wa watoto na vijana wapatao 36,000 walikuwa wakifikishwa hospitali kwa ajali za vitanda hivi, na wengi wao walikuwa wameanguka. Hiyo ni nchi yenye vibandiko na kanuni!

Lakini kuanguka kuna mwenzake ambaye ni mbaya zaidi, na huyu hatajwi sana mitaani. Mtoto mdogo anajigeuza usingizini, miguu inapenya kwenye uwazi kati ya kingo na godoro, tumbo linafuata, kifua kinafuata, kichwa kinagoma. Anabaki ananing'inia kwa shingo. Hapigi kelele, hawezi. Kwa sababu hiyo Wamarekani wanadai uwazi wowote wa kitanda cha juu usizidi inchi tatu na nusu. Ukitaka kupima bila tepu, tumia ngumi yako: ikipita yote kwa raha, mwambie fundi aongeze ubao.

Na kwa sababu hiyo hiyo wanataka kingo upande wa ukutani pia. Hapa ndipo mafundi wetu na wateja wao wanapokubaliana kubana matumizi. "Ukutani ataangukia wapi, bosi?" Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na mteja akatikisa kichwa kwa furaha kwa sababu bei imeshuka. Jamani, kitanda kinasogea. Watoto wanaruka, mama anasukuma akifagia, kila siku robo inchi, mpaka unakuta kuna mfereji kati ya kitanda na ukuta unaotosha kummeza mtoto. Wamarekani wanaruhusu kingo ya mbele ipunguzwe kwenye ncha ili mtu apate pa kupandia. Ile ya ukutani lazima iende moja kwa moja toka kichwani hadi miguuni.

SASA TURUDI KWENYE GODORO

Kaka mtu, nilikuwa nimepata mshiko wangu wa kwanza wa maana. Nikasema niwafanyie watoto wa dada kitu cha kukumbukwa. Nikaenda dukani, nikaminya magodoro kama mtu anayechagua maembe, nikachukua la inchi kumi. Jipya, nene, linang'aa kwenye nailoni yake. Likapanda juu ya guta, likasindikizwa na mayowe ya watoto hadi mlangoni. Dada akanimwagia sifa mbele ya wapangaji wenzake. Mpwa wangu, aliyekuwa akilala chini, akatangaza kwamba godoro la anko ni lake na litawekwa juu. Dada yake wa miaka tisa akabembelezwa, akakubali kubadilishana. Nani angekataa siku kama ile?

Fundi alichukua tepu yake, akanivuta hadi kwenye dabodeka jingine alilokuwa analimalizia, akanipimia. Kutoka kwenye chaga hadi ncha ya juu ya kingo: inchi kumi na moja.

"Dada yako aliniambia ana godoro la inchi sita," akasema. "Kumi na moja toa sita?"

"Tano."

"Ukiweka la kumi?"

Sikumjibu. Kingo ilikuwa imebaki inchi moja. Mtoto alikuwa analala juu ya meza, msomaji wangu. Na aliyeitengeneza hiyo meza ni mimi, kwa fedha zangu na kwa mapenzi yangu yote. Nilimwomba radhi yule mzee pale pale, mbele ya vijana wake, na soda nikanunua.

Baadaye nilipoanza kusoma habari hizi ndipo nikashangaa. Zile inchi tano za fundi wa Keko, ambaye hajawahi kuona karatasi ya Mmarekani yeyote, ndizo hizo hizo zilizoandikwa kwenye ile kanuni: ncha ya kingo iwe juu ya uso wa godoro kwa inchi tano au zaidi. Ulaya wao wanakwenda mbele kidogo, wanataka sentimita 16, kama inchi sita na robo hivi. Tena kule Marekani kitanda kinabandikwa maandishi ya kukwambia godoro lake lisizidi unene gani. Yaani mwenye kiwanda anajua kabisa kwamba ipo siku atatokea mjomba mwenye kimbelembele na godoro nene.

Vitanda vyetu havina kibandiko, basi kiweke mwenyewe. Siku unachukua kitanda, pima kutoka kwenye chaga hadi ncha ya kingo, toa tano au sita, kinachobaki ndicho unene wa mwisho wa godoro. Mwambie fundi apige mstari wa rangi nyekundu kwa ndani: godoro lisipite hapa. Na kama godoro unalo tayari, mpelekee fundi kipimo chake kabla hajakata mbao. Kukata ubao mpana zaidi siku ile ni fedha ndogo sana. Kuja kuunganisha kipande baadaye kinaning'inia kwa misumari miwili, hilo ni balaa jingine.

Na upana nao usidharau. Godoro la mbili na nusu kwa sita ukiliweka kwenye fremu ya tatu kwa sita unaacha pengo la nusu futi ubavuni. Lile pengo ndilo nililolisema pale juu.

Mambo mengine ya fundi nitayapitisha haraka. Mbao au chuma? Mninga unadumu lakini utaulilia mfukoni, paina ni ya bei nafuu na inafaa kama imekauka na haina vifundo vikubwa kwenye miguu. Chuma angalia palipochomelewa, hasa pale kitanda cha juu kinapokaa juu ya miguu ya kile cha chini. Na kwa hewa hii ya pwani yenye chumvi, kutu huanzia ndani ya bomba ambako huoni. Panda mwenyewe, kaa katikati, jitikise. Kikiyumba ukiwa dukani, kitacheza mdundiko nyumbani. Chaga zipigiliwe au zifungwe kwa skrubu, zisiwekwe wazi tu, maana chaga ikichomoka huko juu anayeumia ni yule wa chini ambaye hana kosa. Ngazi iwe imefungwa kabisa kwenye kitanda, siyo ya kuegemeza. Na kwa sisi wapangaji tunaohama kila mwenye nyumba anapopandisha kodi, omba bolti na nati badala ya misumari, halafu kila mwezi pitia na spana. Misumari ukiing'oa mara mbili matundu yanapanuka, hapo kitanda kimekwisha.

Kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayekwambia kwa sababu haoni chumba chako. Angalia juu. Una pangaboi? Mtoto aliyekaa kitandani juu akinyoosha mkono anafika wapi? Kama anaweza kuligusa, kitanda kihame au pangaboi litolewe, tumia feni ya mezani. Tena juu karibu na dari ndiko joto la bati linakokusanyika. Mwezi wa Januari yule wa juu anaoga jasho, ndiyo sababu wanakimbilia kushusha godoro chini saa sita za usiku. Dirisha nalo: usiweke kitanda cha juu usawa wa dirisha, hata kama lina nondo.

Chandarua kinawashinda wengi, unakuta mtoto mmoja analala ndani ya neti na mwenzake anawalisha mbu. Cha chini kifunge kwenye mbao za kitanda cha juu, kwa pembe nne, ukichomeke chini ya godoro. Cha juu kining'inie kutoka darini, nacho kwa pembe nne, kamba ziwe fupi. Kamba ndefu zilizofungwa vitanzi zinazoning'inia kitandani kwa mtoto ni hatari ile ile ya shingo. Mitandio, mikanda, kamba za kurukia, vyote visifungwe kwenye kingo.

Na kikojozi, bila kumtaja jina, alale chini. Hilo halihitaji utafiti.

Yule fundi alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata na ubao begani. Hakutaka pesa ya ufundi, alichukua ya ubao tu na nauli. Upande wa ukutani, ambao dada naye aliubania wakati ananunua, ukapata kingo yake ndefu. Mstari mwekundu akaupiga kwa brashi. Godoro la inchi sita likarudi juu na mwenyewe wa miaka tisa. Lile langu la inchi kumi likashuka chini, ambako linene lisinene haliumizi mtu, na mpwa wangu akalilalia akiwa na mkono wake umefungwa, anatazama chaga za juu kwa husuda.

Mfupa umekwisha unga. Nikienda siku hizi hanisalimii kwanza, ananiuliza imebaki miezi mingapi afikishe sita. Dada yake anasema hata akifikisha, ahami.